Jinsi Nilivyompa Mama Mdogo Soko Lote

Msomaji mwaminifu, kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, sikulaumu. Nitakukusanyia yaliyopita kwa ufupi, maana aibu yangu ni ndefu na nafasi niliyopewa ni fupi.

Mimi ni Shukuru, umri wangu miaka kumi na saba, mwanafunzi wa kidato cha tano katika shule moja ya bweni chini ya mlima, upande wa Bigwa. Nimesimamishwa masomo. Kosa langu ni kupindua picha kwenye skrini za kompyuta zote za maabara, juu ikawa chini, asubuhi ileile mgeni rasmi alipokuja kuizindua. Mgeni rasmi aliisoma hotuba ya makaribisho kwenye skrini akiwa amelaza kichwa begani, kama kuku anayesikiliza mvua. Bodi ya shule itakaa kuamua hatima yangu.

Wakati bodi haijakaa, nimehifadhiwa mjini kwa Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu, jina lake Shamsia. Huyu alikuwa mwalimu kule Ngerengere. Aliacha chaki, akafungua duka la kompyuta jirani na soko la Chifu Kingalu, na ni wakala wa kampuni iitwayo Lumeko. Ng'ambo ya barabara yuko Bwana Wilfred, wakala wa Santara. Lumeko na Santara ni makampuni mawili yanayogombania dunia. Kwa sababu ambazo hayajatueleza, yameamua kwamba na Morogoro ni dunia.

Lumeko walimpa Mama Mdogo onyo. Kama hadi mwisho wa msimu mgao wao wa soko hapa mjini haujaupita wa Santara, uwakala atapewa mwingine. Bila uwakala lile duka ni chumba chenye kaunta na feni.

Mgao wa soko, kwa wasiosoma biashara, ni kujua katika kila watu kumi wangapi wana mali yako. Nilidhani wakubwa wana mashine ya kupimia jambo hilo. Hawana. Wana Madam Doreen, afisa wao kutoka Dar es Salaam. Huyu huja Mazimbu, chuoni, akakaa kwenye kimbwete, zile meza za saruji wanazosomea wanafunzi chini ya miti, na kuhesabu nembo zilizo mgongoni mwa laptop za watu.

Nilipolijua hilo, nilikumbuka boksi la stika za Lumeko lililokuwa stoo. Stika za rangi ya fedha, zinazong'aa, kubwa kiasi cha kufunika nembo yoyote ya mtu mwingine.

Nikaenda Mazimbu. Sikumwomba mtu anisaidie kumwokoa Mama Mdogo, kwa kuwa huruma haibandiki stika. Niliwanong'oneza watu wawili watatu tu kwamba laptop za Lumeko zina kifaa ndani. Zikiibwa zinajipigia simu polisi zenyewe. Kwamba wezi wa mabwenini wanalijua hilo na wakiona ile nembo wanapita mbali. Jioni hiyohiyo nilikuwa na foleni. Walikuja kuchukua stika kama watu wanaokwenda kwa mganga kuzindika nyumba.

Niliishia pale Madam Doreen alipoketi kwenye kimbwete cha katikati, akafuta miwani yake, akaanza kuhesabu.

Basi, alihesabu.

Matokeo yalikuja kwa simu ya Mama Mdogo siku ya Jumatatu, akiwa amesimama na kikombe cha chai. Alisoma, akaweka kikombe chini, akasoma tena. Kisha akakaa.

"Nane," alisema. "Katika kila kumi, nane ni Lumeko."

Mimi nilikwisha kuinua mikono. Nilicheza pale kati ya kaunta na mlango, ngoma ambayo sikumbuki nilijifunzia wapi. Mama Mdogo hakucheza. Alikuwa ananitazama kama mwalimu aliyeletewa kazi nzuri mno na mwanafunzi anayemjua.

"Shukuru, mwaka huu sisi tumeuza ngapi?"

Nikamwambia kuuza ni jambo moja na kupendwa ni jambo jingine.

"Sikuuliza hilo. Tumeuza chache hata ukizipanga hapa kaunta zitaenea. Hizo nyingine zimetoka wapi?"

Ndugu msomaji, katika mipango yangu yote nilifikiria Madam Doreen atasema nini, Santara watasema nini, hata hotuba fupi ya kupokea shukrani niliiandaa. Sikufikiria kwamba Mama Mdogo anajua kuhesabu mali yake.

Hadi adhuhuri alikuwa amepata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la mtu mwema, kwa maana kwamba lilikuwa baya kuliko yote. Alisema kuna matapeli mjini. Wanauza Lumeko bandia, vijana wa watu wanaibiwa mchana kweupe, na jina lililochafuka ni lake yeye wakala. Mtu mwingine angechinja kuku akasherehekea. Mama Mdogo alibandika tangazo mlangoni: kila mwenye Lumeko ailete, ikaguliwe na kusafishwa bure.

Nilijaribu kumshauri. Nilisema kitu cha bure wateja hukidharau. Akanipa brashi na kunionyesha benchi la kufanyia kazi.

Walikuja. Mwenyezi Mungu ni shahidi, walikuja kama wanakwenda kupokea chandarua cha msaada. Wa kwanza alikuwa binti wa mwaka wa kwanza mwenye laptop iliyotumika Ulaya, ina kibodi cha Kijerumani, herufi nyingine zimevaa vijialama juu ya vichwa. Mgongoni inang'aa stika yangu. Mama Mdogo aliiwasha. Skrini ikaamka taratibu na kuandika kwa herufi kubwa: SANTARA.

"Mwanangu, hii ni Santara," alisema Mama Mdogo kwa upole.

"Hapana mama. Tazama mgongoni."

"Mgongoni nimeona."

"Basi si ndiyo Lumeko?"

"Mtu akivaa kanzu ndiyo keshakuwa imamu?"

Binti alifikiri. Akasema kwamba tangu aipate ile nembo, mabwenini wameibiwa wenzake wawili na yeye hajaguswa. Kama Santara ndiyo inayomlinda hivi, sawa, lakini yeye anaona ni Lumeko.

Mama Mdogo alinigeukia, macho yamelowa kwa huruma. "Umeona walivyowadanganya watoto wa watu?" Kisha akamsafishia ile mashine bure, akiniamuru nipulize vumbi kwenye pangaboi lake. Nikapuliza. Vumbi lote la Santara moja lilinirudia puani, na sikuona la kulalamikia.

Siku hizo nilisafisha laptop nyingi ambazo nilizibatiza mwenyewe. Chini ya stika yangu nilikuta Santara, nilikuta makampuni yasiyo na wakala hata Dodoma, na moja ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya kucha jina la mwenyewe na namba ya simu ya baba yake. Lumeko halisi ilikuja moja. Ilikuwa nzima. Mwenyewe alikuja kuuliza kama naye anaweza kupata stika.

Bwana Wilfred kule ng'ambo alikuwa hana mtu. Wateja wake wote walikuwa kwetu, wanahudumiwa bure na mshindani wake. Unadhani alikasirika? Alikuwa anavuka barabara mara kwa mara kuja kuazima bisibisi, anasimama mlangoni na kutazama foleni, kisha anamwambia Mama Mdogo, "Dada Shamsia, biashara imekubali," na kurudi zake akicheka na mabega. Bisibisi yenyewe hakuwahi kuiondoa pale ilipokuwa.

Hadi hapo, nakiri, nilikuwa bado najiona mjanja. Mjanja mwenye kikohozi, lakini mjanja.

Mwalimu Mikaeli ndiye aliyeniharibia.

Alikuja Alhamisi asubuhi. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko juu, Mgeta, na alikuwa ameshuka mlima juu ya lori la kabichi. Alivua kofia mlangoni. Laptop yake ilikuwa imefungwa kwenye khanga, khanga imefungwa kwenye mfuko wa mbolea, na mfuko ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto kliniki.

Nilimwamkia. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hapa ndipo kwa wenye Lumeko?"

Akaeleza kwa lafudhi ya mlimani, polepole, hakuruka hatua. Yeye na walimu wenzake walikuwa wakiandika mitihani kwa mkono na kuituma mjini ikapigwe chapa. Mwaka huu wakasema basi, nasi tuwe na yetu. Walichangishana, wakamtuma yeye kwa kuwa ana ndugu Mazimbu. Huko alikutana na kijana mmoja mwenye adabu, anaitwa Abdi, aliyekuwa anauza Lumeko yake kwa shida ya ada. Akamwambia hii haiibiki, hata wezi wanaijua.

Abdi nilimfahamu. Alikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni yangu, na aliomba stika mbili, moja ya kwake na moja ya rafiki. Nilimpa bila kuuliza. Sasa nilikuwa nimekutana na huyo rafiki.

"Tuliitumia vizuri," aliendelea Mwalimu Mikaeli. "Tukaandika mtihani wa majaribio wa darasa la saba, shule zote za kata. Juzi ikatoa harufu, ikanyamaza. Mtihani umo ndani. Jumatatu watoto wanaufanya."

Mama Mdogo aliifungua mwenyewe. Hakunipa bisibisi. Alinusa ndani, akaangaza tochi, akaizima taratibu kama mtu anayetafuta neno la kuanzia kutoa habari za msiba.

"Mwalimu, hii siyo Lumeko. Ni Santara ya zamani sana, na ubao wake mkuu wa ndani umeungua. Wamekuuzia jina tu."

Mwalimu Mikaeli aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, bila kejeli yoyote, kama hilo jina linaweza kurudishwa.

Mama Mdogo akamwambia akae, atajaribu kuunyofoa ule mtihani kutoka kwenye diski. Mwalimu akakaa kwenye benchi, kofia juu ya magoti. Akaniomba maji. Nilimpelekea, akanishukuru kwa jina, kwa sababu alikuwa amesikia nikiitwa. Alisema ni jina zuri, lisiniponyoke.

Nimewahi kuchapwa, nimewahi kulimishwa bustani nzima ya shule, nimewahi kusimamishwa mbele ya paredi na ndoo kichwani. Adhabu zote hizo nilizipokea kwa heshima. Ile ya kupewa shukrani sikuwa na mazoezi nayo.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimwambie Mama Mdogo, nadhani nilikuwa nimekwisha, gari la Lumeko liliposimama mlangoni na Madam Doreen akaingia na harufu yake ya Dar es Salaam.

Mama Mdogo alimpokea kwa kiti na soda. Madam hakugusa soda. Alisema mkurugenzi wa kampuni, aliye ng'ambo ya bahari na ambaye hajawahi kutamka Morogoro vizuri, ana ramani ukutani. Santara ni nyekundu, Lumeko ni buluu. Nchi nzima imebaki nyekundu isipokuwa sehemu moja, na mkurugenzi kila asubuhi anaweka kidole pale.

"Kampuni imefurahi sana na Morogoro," alisema. "Haijafurahi na wewe."

Mama Mdogo hakuelewa. Mimi nilianza kuelewa.

Madam akaeleza. Mji umejaa Lumeko, na wakala wa Lumeko hajauza hata za kujaza kaunta. Maana yake yupo mtu mwingine, hana leseni, hana bango, hana msaada wowote, na anauza kuliko yeye. Kampuni inamtafuta mtu huyo.

"Akamatwe na polisi," alisema Mama Mdogo. "Nitakuwa shahidi."

"Tumpe uwakala."

 Nje kulikuwa na mtu anatangaza nyanya.

Mama Mdogo alisimama. Akamwambia Madam ukweli wote anaoujua: kwamba amezifungua kwa mikono yake, kwamba siyo Lumeko, ni migongo tu ndiyo ya Lumeko, na Mwalimu yule pale ni shahidi, ameshuka kutoka Mgeta na mzigo uliokufa.

Madam Doreen alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hizo alizofungua ni mbovu, na ndiyo sababu zimeletwa dukani. Nzima ziko kwa wenyewe. Mtu hawezi kukaa hospitali akasema mji mzima ni wagonjwa.

Nilimwona Mama Mdogo, mwanamke aliyefundisha hesabu miaka yote ile, akitafuta kosa kwenye hoja hiyo na kukosa pa kuishika. Alitazama rafu zake. Alitazama bango la wakala lililo juu ya kaunta, lile analolifuta vumbi kila asubuhi kabla hajafuta kitu kingine.

"Kwa hiyo mnaninyang'anya kwa sababu mmeshinda," alisema.

Hapo ndipo Bwana Wilfred, aliyekuwa amesimama mlangoni na uso wa kuja kuazima bisibisi, alipokohoa.

"Basi nami nisifiche," alisema. "Dada Shamsia, unisamehe. Ni mimi."

Mama Mdogo akamtazama. Wote tukamtazama. Akaingia ndani, akavuta suruali kidogo magotini, akakaa bila kukaribishwa. Alisema mtu mzima hategemei kampuni moja. Santara ni bango tu, moyo wake siku zote umekuwa Lumeko. Amekuwa akiziuza kimya kimya Mazimbu kupitia vijana wake, kwa heshima ya jirani, asimtie aibu dada yake. Lakini kwa kuwa kampuni imeuliza, yeye ni nani aikatalie kampuni?

"Hata Abdi ni kijana wako?" aliuliza Mama Mdogo.

"Abdi ni kama mwanangu."

"Basi hiyo ni waranti yako." Mama Mdogo akaichukua ile laptop ya Mwalimu, wazi matumbo yake, akamwekea Bwana Wilfred mapajani.

Bwana Wilfred aliitazama chini. Nilikuwa karibu, niliona. Aliitambua. Ubavuni ilikuwa na alama ya duka lake mwenyewe, ile ya duara ya zambarau, maana ndiye aliyeiuza zamani, ikiwa Santara na ikiwa nzima. Mtu yule alikuwa ameshika mapajani mali yake, yenye jina la adui yake, na njia pekee ya kupata uwakala wa adui ilikuwa kuikana.

Akaikana. Aliipangusa stika yangu vumbi kwa kiganja, akasema, "Lumeko hizi ni madhubuti. Hii imepata joto tu. Nitamtengenezea Mwalimu."

Mwalimu Mikaeli akainuka kidogo kwenye benchi, uso umefunguka. "Kabla ya Jumatatu?"

"Hata kesho, Mwalimu."

Ubao ulioungua hautengenezeki kesho. Hautengenezeki hata kesho ya mjukuu wake. Wilfred alilijua, Mama Mdogo alilijua, nami nililijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na alikuwa anasema Mungu akubariki.

Sikumbuki nikivuka chumba. Nakumbuka nikiwa nimepiga magoti mbele ya Bwana Wilfred kama ninayemfunga viatu, ukucha wangu uko kwenye kona ya stika. Ilitoka taratibu, kwa sauti ile ya kuchana kitambaa. Chini yake nembo ya Santara ilikuwa pale, haijafifia hata kidogo.

"Hakuna muuzaji," nilisema. "Nilibandika mimi. Zote. Boksi lilitoka stoo kwetu."

Nikaeleza kimbwete, nikaeleza kifaa kinachopigia polisi simu, nikaeleza na stika ya pili ya Abdi. Nilisema mengi, kwa kuwa sijazoea kusema kweli na sikujua huwa inaishia wapi.

Bwana Wilfred alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema mtoto huyu ni mhuni, shule imemfukuza, kila mtu anajua. Mwalimu Mikaeli aliuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo mtihani wangu?" 

Sikumtazama Mama Mdogo. Nilitazama viatu vyake. Havikusogea.

Madam Doreen alimwomba Bwana Wilfred atupishe. Akaenda, akavuka barabara, akasimama mlangoni kwake akitutazama. Ndipo Madam akafungua soda yake, akanywa.

"Nilijua ni stika," alisema. "Nilikuwa namtafuta tu aliyezibandika."

Alisema stika ya kwanza tu, siku ile Mazimbu, aliikwangua kwa ukucha. Na ya pili. Akaacha kukwangua, akaendelea kuhesabu, kwa sababu kazi aliyotumwa ni kuhesabu na siyo kukwangua. Usiku huo akatuma matokeo. Kesho yake mkurugenzi akampigia simu mwenyewe kumpongeza, jambo ambalo halijamtokea tangu aajiriwe.

"Kijana, unajua Santara wanalipa kiasi gani kwa mabango ili watu waione nembo yao? Wewe umeifuta chuo kizima kwa stika na uongo mmoja." Akanitazama kama Mama Mdogo anavyotazama mashine nzuri iliyotupwa. "Iringa unaweza?"

Nilidhani ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Alitoka hadi kwenye gari, akarudi na boksi, jipya, limefungwa kwa utepe wa kampuni. Iringa, kisha Dodoma. Nikikubali, Mama Mdogo anabaki na uwakala, na haya ya leo hakuna aliyeyasikia. Shuleni kwetu Lumeko wataleta maabara mpya, na bodi ya shule haiwezi kumfukuza mtoto aliyeleta maabara. Na Mwalimu hapa atapewa laptop mpya sasa hivi, Lumeko ya kweli, ndani na nje.

Mwalimu Mikaeli aligeuza kofia yake upande wa pili.  Hakuwa mtu wa kuomba kwa maneno.

"Na nikikataa?" niliuliza.

"Yule bwana pale," alisema Madam, akionyesha ng'ambo kwa kidevu, "ameshaonyesha kwamba anaweza kusema chochote."

Sikuwa na wasiwasi, msomaji. Nakuambia kweli, hapo ndipo nilipopata nafuu. Maana jibu halikuwa langu. Jibu lilikuwa la Mama Mdogo, mwanamke ambaye aliwahi kumkimbilia mteja barabarani hadi karibu na stendi ya Msamvu ili amrudishie chaji aliyoisahau dukani. Nilijua atasema nini. Nilikuwa nimeshaanza kusikitika kwa ajili ya Madam.

Mama Mdogo alitazama bango. Alimtazama Mwalimu. Kisha akatazama sakafu, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake.

"Chukua boksi, Shukuru."

"Mama Mdogo?"

"Nimesema chukua."

Nimefanya maovu mengi katika maisha yangu mafupi, na mengine nitawasimulia Mungu akipenda. Lakini yote niliyafanya kwa hiari yangu, na hiari ina heshima yake. Hili lilikuwa la kwanza kuamriwa, na aliyeniamuru alikuwa mtu mwema kuliko wote ninaowajua. Mimi ndiye niliyemfikisha pale. Kama ningenyamaza na stika yangu, asingejua kwamba uongo unauzwa, wala kwamba bei yake ni duka lake.

Madam alininyooshea boksi. Nikaweka mikono nyuma.

"Siendi," nilisema.

Mama Mdogo akainua macho. Nilitegemea kuona ameridhika, kama kwenye hadithi za vitabu vya darasani. Nilichokiona ni woga mtupu wa mtu anayetazama rafu zake zikiondoka. Midomo yake ilitikisika. Sikujua kama anasema asante au anasema tafadhali.

Madam Doreen hakukasirika. Alilaza boksi juu ya kaunta, akageukia mlango, akainua mkono na kumpungia Bwana Wilfred. Bwana Wilfred akaelekeza kidole kifuani kwake kuuliza kama ni yeye. Madam akaitikia kwa kichwa.

"Una nafasi ya kubadili mawazo," aliniambia, "mpaka afike hapa."

Bwana Wilfred alitazama kulia, akatazama kushoto, kama tunavyofundishwa. Bodaboda moja ikapita. Kisha akashuka kwenye kibaraza chake.

Barabara yetu ni nyembamba sana.